Neno la Arobaini na Moja

Nilipanda Tapac na daftari, kalamu tatu
na kinasa sauti cha kuazima.
Malori ya mawe meupe yalikuwa yakiteremka,
kila moja limeumega mlima kidogo ukawe saruji.
Naduk hakuyatazama. Alikuwa akipepeta mtama.
Niliandika nimesimama; hakuna aliyenialika kukaa.

Orodha yangu ina maneno mia mbili.
Mimi nasema Kiswahili, Lomongin anageuza kwa Kikarimojong,
na yeye anachimbua Kisoo chini ya hayo yote,
taratibu, kama apapasaye sindano kwenye blanketi.
Jivu. Goti. Usiku. Nyuki.
Penye nyuki alikawia, akaanza kucheka,
akasema jambo refu. Lomongin alinyamaza.
"Hilo," akaniambia, "hata mimi limenipita.
Marehemu bibi yangu ndiye angecheka naye."

Kiswahili anacho kidogo. Alinihesabia kwa vidole:
simama,
kaa chini,
leta bunduki.
Alifundishwa yote alfajiri moja,
mwanawe kalazwa kifudifudi uani.
Nikainamia daftari. Lugha yangu ya kambini,
niliyoinyonya kwenye mabanda ya bati pale Moroto,
ilifika hapa kabla yangu, imevaa buti.

Neno la arobaini na moja lilikuwa baba.
Alilitamka. Nikalirudia vibaya, akalinyoosha.
Kisha akauliza, na Lomongin akageuza akiona haya:
na huyu, kwa lugha ya kwao, babake humwitaje?

Baba alitoka Koboko. Alikuja na gwanda na redio.
Kikakwa alikisema usingizini tu
(naapa, mchana hata salamu),
akazikwa kwa Kiswahili na risasi tatu za hewani.
Nilimwita afande mpaka nikafika darasa la nne.

Sikuwa na neno.
Kinasa sauti kikaendelea, kikanasa upepo,
kuku, lori likibadili gia mteremkoni.

Naduk aliweka ungo kando.
Akaingia ndani, akatoka na kigoda
na asali kwenye kifuniko cha sufuria,
asali aliyokuwa amemwekea jirani aliyefiwa,
Lomongin aliniambia baadaye, njiani.
Akapangusa kigoda kwa upindo wa shuka,
akanitazama machoni kwa mara ya kwanza,
akasema, bila mkalimani:

Kaa chini.