Usiniulize Ipi Nzuri

Usiniulize ipi nzuri.
Niambie kwanza nyumbani uko na nani,
stima kwenu hukatika saa ngapi,
na machozi unayo mangapi ya akiba.
Kisha nipe flashi, ukae kwenye kiti.
Si hicho. Hicho mguu umevunjika.

Duka langu liko hapa Langoni,
kati ya fundi cherehani na muuza viatu asiyerudisha chenji.
Punda wa saruji wakipita
mpita njia huingia ndani, atake asitake.
Ndivyo nilivyompata Famau wa stoo ya mbao.
Akasema tamthilia ni mambo ya wanawake.
Nikamwekea "Funguo Saba", sehemu nne, bure.
Siku ya tatu nimemkuta mlangoni sijafungua,
macho mekundu:
"Yule mama mkwe, atakufa lini?"

"Zamu ya Usiku" ni ya hospitali.
Madaktari wazuri, wote warefu,
na hakuna mgonjwa anayeulizwa pesa kabla ya sindano.
Hapo ndipo utajua kuwa ni hadithi.
Itazame hata hivyo.

"Mashamba ya Zabibu" ina sehemu mia mbili na kumi na nne
za maneno yanayotosha arobaini.
Kutoka ya tisini ruka hadi mia na thelathini,
katikati watu wanakunywa chai na kutazama dirishani.
Lakini mia na thelathini na moja!
Usiweke wali mekoni.

Ile ya Kikorea ina mtafsiri mmoja tu
anayesema kwa niaba ya wote,
bwana, bibi, jambazi, hata mtoto mchanga.
Utacheka wiki ya kwanza.
Wiki ya pili utasahau kama si sauti zao.

Bibi harusi simpi "Mke wa Pili wa Hakimu",
mpaka ipite miezi sita.
Mwenye mtihani simpi kitu. Nenda nyumbani.

Sasa Bi Zaharia wa Mkomani.
Televisheni yake imekaa chini ya vidaka,
pale zamani palipokaa sahani za mama yake.
Mwanawe Bunu yuko Doha, mwaka wa sita huu,
simu zake fupi kama risiti.
Alikuja akasimama hapo ulipo:
"Nipa yenye mtu arudiye."

Nikampa "Barua za Bandarini".
Kijana anaondoka sehemu ya tatu,
mama anampikia kila Ijumaa, sahani inapoa.
Mimi nilikuwa nimeimaliza.
Kijana harudi.
Nikanakili mpaka ya sitini na mbili,
pale mlango unapogongwa,
mama anafuta mikono kwenye nguo,
na picha inakwama usoni pake.
"Zilizobaki hazijafika," nikasema.
Mungu anisamehe, zilikuwa kwenye kompyuta,
nimezifunika kwa kiganja.

Miezi miwili hakuonekana.
Alhamisi moja akaingia, buibui linanukia udi,
akaweka flashi mezani kama mtu anayelipa deni.
"Mwisho nimeuona kwa jirani.
Nimelia matozi ya kujaa bakuli, kisha nimekosha uso."

Nikaanza kuomba radhi, akanikata.

"Futa zote. Niwekee ile ya sitini na mbili,
ya mlango.
Kama kuna nafasi, niwekee mara mbili.
Na bei isipande, mwanangu, ni ileile moja."

Nilimwekea mara tatu.
Hata sikumtoza. Famau alikuwa amekaa kwenye kile kiti kibovu,
akajifanya anatazama viatu vya jirani.

Haya, lete flashi.
Umesema nyumbani uko na nani?