Uzi wa Gunia

Mdomo wa gunia la korosho hushonwa kwa uzi mweupe,
na uzi huo una ncha mbili:
moja ukiivuta inakaza,
ya pili ukiivuta, trrr, gunia linaachama
kama limesikia umbea.
Wapagazi wa ghala hapa Nachingwea huijua hata gizani.
Uzi wanautupa chini.
Mimi nauokota.

"Mama Chilumba, unaokota nini hapo, minyoo?"
Huyo Likwata, karani wa mizani.
Nikamjibu naokota mfuko wangu wa sokoni,
ila wenyewe bado haujajua kuwa ni mfuko.

Wiki tatu nimeufuma.
Kulabu yangu ni spoku ya baiskeli ya marehemu,
fundi kaipinda ncha, kaisugua kwa jiwe
na hakutaka hela.
Umeme ukikatika naendelea;
vidole vina macho yao.
Mnyororo, nguzo, mnyororo, ruka tundu.
Mahali nilipokosea pana fundo kama kitovu.
Sikulifumua. Nilishafika mbali.

Zamani nilikuwa mtu wa rambo.
Nyanya rambo, chumvi rambo,
rambo ndani ya rambo nimezihifadhi chini ya godoro.
Zilipopigwa marufuku nilinung'unika wiki nzima.
Mbuzi wa Bi Asumini hakunung'unika:
alikwisha kufa mwaka wa nyuma yake,
na walipompasua wakakuta tumboni
donge la buluu, limejisokota vizuri,
kama la mtu aliyekuwa anajifunza kufuma.

Basi Jumamosi nikaenda sokoni kifua mbele.
Nyanya mafungu mawili.
Ming'oko, bado ina udongo wa porini.
Mbaazi mbichi.
Muuza vitunguu akaupapasa mfuko: "Huu umetoka Dar?"
Nikanyamaza, ule unyamavu wa kujidai.
Mwisho, dagaa wa Kilwa, vikombe viwili.
Kijana akautazama mfuko, akanitazama mimi.
"Hawa, mama, unakwenda kula au kupanda?"

Sikumwelewa.

Nilimwelewa kwenye kona ya msikiti,
nilipogeuka nikaona paka wanne
wamepanga foleni kwa adabu,
na nyuma yao barabara inameremeta,
kidagaa hapa, kidagaa pale,
mpaka kwenye meza ya yule kijana.

Bi Asumini alicheka akashika ukuta.
"Shoga, wenzio hufuma nyavu za kuwakamata.
Wewe umefuma wa kuwaachia!"
Nikacheka na mimi. Ningefanyaje?
Mwanangu Rukia akasema, mama,
nunua tu vile vifuko vya dukani, vya mia tatu.
Vile vinavyochanika kabla hujafika mlangoni!
Nikasema hapana,
nikafungua sanduku
nikatoa kanga iliyokwisha, ile ambayo jina lake
limebaki USINIONE,
mengine yameliwa na sabuni.
Nikakata kipande, nikakipiga bandi kwa ndani,
mkono polepole, uzi mwekundu
kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha.

Sasa dagaa wanafika nyumbani wote.
Paka mmoja bado hunisindikiza,
nadhani kwa mazoea.
Muuza vitunguu anataka wa kwake; nimemwambia
asubiri msimu, na alete kanga yake mwenyewe,
siwezi kumshonea maneno yangu.

Msimu umefunguliwa juzi.
Nilipita ghalani, vumbi, makelele, magunia mpaka darini.
Chini nikaangalia: pasafi.
Nikaona unyonge kidogo, nikageuka niondoke.
Likwata akaniita bila kuinua macho kwenye daftari,
akanyoosha kalamu kwenye msumari juu ya mizani.
Nyuzi zilining'inia pale, zimefungwa kitita,
zimenyooshwa moja moja
kana kwamba nazo zina kilo.

"Mama Chilumba," akasema, "minyoo yako."