Ukuta wa Ngome, Toleo la Saba

Gemu lilikuja na Afrika moja:
kibanda kimoja, duara, rangi ya mchanga,
kimenakiliwa mara arobaini.
Mtemi wangu alikaa humo, na adui yake pia.
Ghala, kambi, hata mahali pa matambiko
palikuwa kibanda kilekile kimevutwa juu kidogo
kama mtoto aliyesimamishwa kwa masikio.
Roma ilipewa nguzo za aina sita.

Nikafungua faili usiku, Isevya,
feni ya kompyuta ikikoroma kama mgonjwa.
Nikafuta kibanda. Nikaanza na ukuta.

Mhoja akaniandikia kutoka Kigoma:
"Paa bapa, ndugu yangu. Tembe. Weka udongo juu."
Nikamjibu: "Msonge. Nyasi."
"Bapa."
"Msonge."
Siku tisa tukarushiana michoro na matusi yenye adabu,
hadi akauliza swali lililonikalisha kitako:
"Mwaka gani?"

Sikuwa na mwaka. Nilikuwa na "zamani",
neno linaloezekwa kwa paa lolote.

Jumamosi nikaendesha baiskeli njia ya Kwihara,
vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Nyuma ya shamba la tumbaku nikauona:
ukuta wa udongo, urefu wa goti, hauna kibao,
mbuzi wawili wamesimama juu yake kama askari wa zamu.
Moyo ukanidunda.
Nikaupima kwa hatua, kisha kwa tepu ya fundi cherehani,
nikaupiga picha kila ufa, kila mabua yaliyochungulia,
nipate ngozi yake halisi.

"Unakipendea nini choo cha shemeji?"
akauliza mwanamke mwenye ndoo kichwani.
"Kimeanguka mwaka juzi."

Jina lake Kalunde. Alicheka bila kumwaga tone.
Kisha akaniona sura, akanihurumia, akashusha ndoo
na kunionyesha nyumba anayoisiriba:
udongo wa kichuguu, umekandwa na samadi,
kiganja kinapita nusu duara, kinarudi, kinapita.
"Ukuta haujengwi mara moja," akasema.
"Masika mawili tu bila mkono wa mtu,
kila ukuta unakuwa wa kale."

Nilirudi mjini nikaukanyaga msimbo hadi alfajiri.
Toleo la saba:
kila masika ngome inapoteza robo ya nguvu zake
isipokuwa Msiribaji amepita.
Hana mkuki. Haongezi alama. Gharama yake
vibuyu viwili vya maji na kukatishwa kulima.
Vidole vyake nilivichonga wiki nzima,
na kamera ya gemu haiwezi kushuka chini kiasi hicho.

Wachezaji wakalalamika:
"Ngome yako inayeyuka!"
Nikajibu: "Ndiyo."
"Ngome za wengine ni za mawe."
"Ndiyo."

Paa nimeweka yote mawili,
msonge mwanzo, tembe baadaye misafara ikishakuwa mingi.
Mhoja anatangaza kwamba ameshinda. Namwachia.

Chumba cha ndani cha mtemi sijakijenga.
Niliuliza, nikasoma, nikauliza tena;
kila mtu alinipa chumba chake mwenyewe.
Ukisogeza kamera pale utakuta giza.
Kompyuta yako ni nzima. Ni mimi sijui.

Na ngozi ya ukuta wa ikulu, ile unayoiona
jua la gemu likizama, ile waliyoisifu
kwamba "inanuka historia",
ni choo cha shemeji yake Kalunde.
Sikuibadilisha. Kichuguu ni kilekile.

Juzi nikampelekea simu aone.
Akaifuta kioo kwa khanga, akaisogeza jichoni,
akakaa kimya muda mrefu hata nikaanza kujivuna.
Kisha akagusa kona ya kaskazini kwa ukucha wenye udongo:

"Hapa," akasema, "mmesiriba vibaya.
Mvua itaingilia hapa."