Unene wa Uzi

Odiloni, ukifika Kasumbalesa, pita duka la kwanza.
Lile lenye redio mlangoni linauza chuma kitupu
kilichopakwa rangi ya dhahabu. Kinashika kutu kabla ya Jumapili.
Nenda kwa mama Kapya, nyuma ya malori ya saruji.
Atakuuliza: namba gani?

Hapo ndipo watu huona haya na kujibu, "Yoyote."
Namba ni unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba wa chini;
wenzake watano hunenepa kwa kuufuata.
Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Kati ya moja na inayofuata hapapiti hata unywele,
lakini kidole kinajua, na ubao unajua.

Mimi nilikuwa mtu wa kumi na tatu.
Enzi zile Kamalondo, baa tatu kwenye njia moja,
kila moja na vipaza sauti vyake,
na mimi na sanduku langu la mbao, bila waya, bila umeme:
ungefanya nini? Nilivuta nene.
Besi ikanguruma kama pipa linalobingirishwa,
ncha za vidole zikawa kwato,
shangazi yako akakataa nimshike shavu.

Zilinilipa. Kisha zikadai.
Unakumbuka kilio cha marehemu Kyungu, kule Katuba?
Saa tisa usiku, chai imeisha, wanawake wamejilaza mikekani,
nafika pale wimbo unapogeuka,
daraja likang'oka. Si uzi. Daraja zima,
na kipande cha kifua cha gitaa kikining'inia.
Mtu mmoja alidhani ni risasi, akalala chini.
Tukacheka matangani, Mungu atusamehe,
hata mjane.

Miezi miwili nilisema nangoja gundi ikauke.
Siku tatu zilitosha. Zilizobaki nilikuwa naogopa.

Zamani, tulipokosa hata hela ya kiberiti,
tulifumua waya wa breki ya baiskeli
na hakuna aliyeuliza namba.
Ulichopata ndicho ulichopiga,
na baiskeli ya mwalimu ilishuka mlima bila kusimama.

Ukizishika, zinuse zile nne nene, zimevikwa shaba.
Sisemi ni ya kwetu. Nani ajuaye imezunguka wapi.
Ila mimi hufungua pakiti taratibu,
na harufu inayotoka ni ya koti la baba
akirudi kutoka zamu, kabla hajalitundika.

Sasa sikiliza, maana basi linaunguruma.
Kumi na tatu, hapana: ubao ule una kovu.
Kumi na mbili ningetamani. Bado naiota besi ile.
Kumi na moja ndiyo akili, ndiyo umri wangu,
ndiyo vidole hivi vinavyokataa kukunjika asubuhi ya baridi.
Nilikuwa nimekwisha kuamua: kumi na moja.

Lakini juzi niliamka usiku kwenda haja,
nikamkuta Mwewa sebuleni, gitaa limemzidi mwili,
anabonyeza uzi mmoja kwa vidole viwili
na sauti inatoka imekufa: tak, tak.
Hakulia. Alilamba ncha ya kidole, akarudia.
Nilisimama gizani mpaka miguu ikapoa.
Ana miaka tisa. Hakuna aliyemtuma.

Leta kumi.
Zikigongagonga nitainua daraja kwa njiti ya kiberiti.
Sauti itakuwa ndogo, najua.
Itabidi watu wasogee.

Mama Kapya mwambie ni zangu mimi, mzee amelegea;
acha acheke, nitamaliza naye siku nyingine.
Na chenji ikibaki, unga wa bukari, ule mweupe.
Usiuweke karibu na nyuzi.