Maji ya Kumwaga

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu huku Ghala.
Ibada ikiisha, chai ikinyweka,
mimi Mghoi hubaki na ufagio
na chupa.
Ndogo, za plastiki, za maji,
kila moja imenywewa mafunda mawili
ikaachwa chini ya kiti kama kiatu cha mtoto.
Siku ile nilihesabu mia mbili na kumi na mbili,
na mahubiri yalikuwa juu ya kisima.

Sikucheka. Nilikuwa nimechoka.
Kwetu Wundanyi, maji yaliyoosha mboga yaliosha vyombo,
yaliyoosha vyombo yaliosha sakafu,
ya sakafu yakaenda mgombani,
na mgomba ukatulipa.
Hapa maji yanatolewa baharini, yanavuliwa chumvi kwa moto wa gesi,
tunayanunua, tunayamwaga.
Nami nimo. Miaka sita nimemwaga na wenzangu,
nikisema, nchi si yangu, bili si yangu.

Nyuma ya kanisa, kando ya viyoyozi,
ulijiotea mwarobaini.
Hakuna aliyeupanda. Labda ndege.
Kimo cha goti, majani yamejikunja kama ngumi,
na kiyoyozi kikidondosha jasho lake
shubiri moja tu kutoka shinani,
juu ya saruji,
tone, tone, bure.

Niliweka ndoo.
Julai, joto nyuzi arobaini na sita,
ilijaa kati ya wimbo wa kwanza na sadaka.

Bi Zuwena wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Pemba,
alinichungulia juu ya ukuta:
"We mwana, wakoga nje?"
Nikamwonyesha mti.
Akasema babu yake, Nizwa, alikuwa mgawa maji ya falaji,
usiku akipima zamu kwa nyota,
na aliyejizidishia hata kidogo
alikuwa amemwibia jirani, si mfereji.
Akarudi ndani. Akanipitishia
samadi ya mbuzi ndani ya gunia la mchele.

Mungu wangu, nilikutafuta kwenye mahubiri,
ukanijia na samadi.

Usiku ule nilimfikiria Hajiri,
kijakazi kama mimi, jangwani kama mimi,
kiriba kikavu, mtoto chini ya kichaka.
Kila mara tunahubiriwa kisima.
Hakuna anayeuliza habari za kile kichaka
kilichompa mtoto kivuli kwanza.

Novemba wakambatiza Jedida, binti wa Ombasa fundi lifti.
Mchungaji Kuruvilla akatoka na beseni,
akielekea kwenye sinki.
Nikasimama mlangoni. Sijawahi kumzuia mchungaji.
"Si huko," nikasema.
Akanitazama, akayatazama maji,
akavua viatu, sijui kwa nini,
tukaenda nyuma.

Mkataba wa Ombasa uliisha Machi.
Jedida alipanda ndege na meno mawili,
hataikumbuka Ghala.
Wangu unaisha Septemba.
Mwarobaini umekipita kiyoyozi kwa kimo,
hauna viza, hakuna aliyeuomba kitambulisho.

Nimemwonyesha Tesfalem, kijana mpya wa usafi:
ndoo inakaa hapa.
Chupa, mabaki yake yamimine humu kwanza.
Na majani yakianguka
usiyatie mfukoni. Yaache palepale.
Ndicho chakula chake.