Kibubu

Probox ya Mama Mbodze ilifika Maweni asubuhi
inanuka mikate, imetoka kugawa Mambrui na Gongoni,
taa ya injini imewaka wiki ya pili,
njano, kama jicho la mwenye homa ya manjano.
Nikachomeka mashine yangu ya kusomea,
ile niliyoichukua Mombasa kwa mkopo
na mkopo bado unanisoma mimi,
kwenye tundu lililojificha chini ya usukani.
Kimya.
Kioo cheusi. Nikaona pua yangu tu.

Nikaichomoa, nikaipuliza, nikairudisha.
Tusidanganyane: fundi akikosa la kufanya, hupuliza.
Nikaijaribu kwenye Noah ya jirani. Ikawaka, tena kwa mbwembwe.
Basi ugonjwa hauko kwa daktari.

Na hapo, Mungu anisamehe,
nikamwambia mama wa watu:
"Kompyuta ya gari imekufa.
Elfu kumi na nane, na kuipata ni hadi Mombasa."
Sikusema uongo. Kweli nayo sikuisema.
Nilisema asemalo mtu
mwenye barua ya karo ndani ya mfuko wa shati.
Alifungua mkoba, akautazama,
akaufunga.

Nyevu, mwanafunzi wangu, mwezi wake wa tatu,
alikuwa amelala chali chini ya dashibodi,
miguu nje, ndara moja imefungwa kwa waya.
Ana tabia ya kuuliza kabla ya kufungua,
ameitoa chuoni, inanichosha.
"Fundi, la nne ni ardhi, na ardhi ipo.
La kumi na sita linatakiwa liwe na moto
hata ufunguo ukiwa nyumbani umelala.
Taa yangu ya kupimia haiwaki."
Nikasema, si nimesema? Imekufa.
"Aliyekufa na aliyenyimwa chakula si mmoja."
Kisha, kwa sauti ya kule chini:
"Mama, pale pa kuchajia simu panafanya kazi?"
"Tangu Ijumaa, wapi! Nikalaumu chaja."

Fyuzi moja, walaji wawili:
tundu la sigara na tundu la kusomea,
kama nyumba zetu hapa, mita moja milango miwili,
huyu akichomeka pasi, wote gizani.
Aliichomoa kwa kucha. Ya samawati, ampea kumi na tano,
uzi wake umekatika katikati,
na doa jeusi, dogo kama kunguni.

Mimi tayari nina mpya mkononi.
"Ngoja," akasema. "Hii ya kwanza iliuawa na nani?"
Akaingiza kibano katika tundu la sigara.
Akatoa shilingi tano, imeungua ukingoni.
Akatoa nyingine.
Akatoa ya tatu.

"Zangu!"
Kiti cha nyuma, kati ya trei za mikate,
Mbodze alisimama, miaka minne, makombo shavuni.
"Hizo ni za baiskeli! Nimeweka kwenye kibubu!"

Ni kweli. Nilikitazama upya:
kina mdomo wa duara, kinameza, hakitapiki,
hakimwambii mtu kilichomo.
Mtoto alikiona kibubu,
na kibubu kikalifanya gari bubu.

Fyuzi mpya iliingia, tik.
Mashine ikawaka kabla sijaikaza,
na gari, baada ya siku zote hizo, likaanza kusema:
pumzi ya ekzosi haipimwi vizuri,
mfuniko wa tangi haujakazwa,
na jambo la tatu ambalo sikulielewa, nikanyamaza.
Mama Mbodze hakulisikiliza gari.
Alikuwa ananitazama mimi.

Nyevu akafuta mikono, akachukua daftari la risiti.
Huandika polepole, herufi za kusimama.
"Fyuzi, hamsini. Kazi, mia tatu."
Akainua kalamu.
"Na ile kompyuta, fundi, niandikeje?"

Nikaichukua mashine, inawaka vizuri kabisa,
nikaipuliza.