Kizibo

Pensheni ina urefu wa futi kumi na nane
na injini ambayo kila asubuhi
hukohoa mara tatu kabla ya kukubali.
Baba aliinunua kwa kiinua mgongo cha forodhani,
akaipa jina hilo ili Mama akose la kusema.
Hakukosa.

Sasa ni yetu, mimi na Aikande, nusu kwa nusu,
na hakuna kamba ya kufunga nusu boti.

Nimekwenda Msasani na daftari.
Gatini, majini: laki nne na nusu kwa mwezi,
pamoja na mlinzi, taa, na bomba la maji baridi.
Yadini, nyuma ya ukuta, juu ya toroli:
laki na themanini; trekta mbali,
elfu thelathini kushuka, thelathini kupanda.
Nikazidisha kwa safari za Baba za mwaka jana.
Zilikuwa mbili.
Moja hakuiwasha hata injini:
aliketi, akala karanga, akarudi nyumbani kula wali.

Usiku Aikande akaniletea ujumbe kutoka Tabata.
Baba, mtu wa Machame, bahari na mashairi aliyakuta ukubwani,
akatufunza kugombana kwa mizani
ili hasira ipate kazi ya kuhesabu:

    Chombo nyumba yake maji, nchi kavu ni jeneza,
    Ubavu hauhitaji mawe ya kuegemeza,
    Tairi mbili ni taji, gati litambembeleza,
    Ukimweka juu, ndugu, umemzika mapema.

Sikuwa na vina. Na nililiona lile "umemzika",
mahali ambapo boti ingetosha "umeizika".
Sikumwuliza.

Kesho yake nikarudi kuikagua.
Iko yadini tangu Februari, "kwa muda tu", wanasema,
na tumbo lake sijawahi kuliona:
ukoga uliokauka ukawa karatasi,
makombe madogo yameng'ang'ania kama deni.
Hayo ndiyo majini, Aikande.
Lakini haki ni haki, na huku juu nako
jua limeipasua rangi, kunguru wameichagua,
panya amezaa ndani ya jaketi la kuokolea
watoto sita, wote hai.

Pazi, mwenye trekta, hakuniuliza bei niliyoipenda.
"Maji yakiwa mafu," alisema, "utashusha nini?
Utalitazama tope, na tope litakutazama.
Huku unalipia boti. Kule unalipia bahari."
Kisha akapiga magoti nyuma, akaingiza kidole
kwenye tundu dogo chini ya injini.
"Kizibo kiko kwa nani?"

Sikujua kama kuna kizibo.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto viatu:
majini kinakaa, nchi kavu kinatoka,
mvua ipate pa kupita.
"Masika yakikikuta kimo, inajaa, inakatika mgongo.
Boti huzama hata huku, bwana. Hata mbele ya geti."
"Nani alikitoa?"
"Mwenyewe. Alikuja na bajaji. Akakitia mfukoni."

Nikampigia Aikande.
Akanyamaza hadi nikaitazama simu, labda imekatika.
Hospitali walimpa bahasha ya kaki: saa,
shilingi elfu mbili mia tatu, na kitu cha shaba chenye mpira
alichodhani ni cha mashine yao.
Wiki tatu kimekaa kwenye droo ya vijiko,
akingoja waje kukidai.

Jumamosi ni bamvua.
Anakuja nacho. Nimemwambia Pazi awe na trekta karibu,
na asiliwashe kwanza.